Mutoto wangu anataka kujifunza judo: nitachagua klabu gani?



Siku moja ya kupima watoto, mama mumoja alingoja mpaka wenzake wote walimaliza kutoka. Mutoto wake wa mugongo alikuwa na kilo nzuri, na chanjo zake zilikuwa kamili. Lakini yeye hakuinuka kwa benchi. Aliniuliza: «Mama, kijana wangu mukubwa ana miaka 10. Kila siku analilia judo. Wenzake wa masomo wameingia katika klabu. Mimi sijui judo, na bwana yangu hajui. Nitajua namna gani kama klabu ile ni nzuri? Tena pesa yangu ni ya kuuza ndizi tu.»

Wamama wengine wameniuliza vilevile. Leo ninaandika jibu lote, ili ulisome nyumbani pamoja na baba ya watoto.

JUDO NI KITU GANI?

Judo, karate na taekwondo ni michezo ya kupigana kwa sheria. Judo ilianzishwa na mwalimu mumoja wa Japani, jina lake Kano Jigoro, katika muji wa Tokyo, mwaka wa 1882. Alichukua mapigano ya zamani, akaondoa mambo yenye kuumiza sana, akaacha kukamata, kuangusha na kushikilia mwenzako chini. Karate inatoka visiwa vya Okinawa. Ni ya kupiga kwa mikono na miguu. Taekwondo inatoka Korea. Inatumia zaidi miguu. Hapa nitasema zaidi juu ya judo, lakini mashauri ni yaleyale kwa yote.

Wamama wengine wanaogopa: «Kule kuinama mbele ya mwenzake, si kuabudu?» Hapana. Ni salamu ya watu wa Japani, kama sisi tunavyopeana mukono. Lakini kama mwalimu anaanza kusema juu ya hirizi, chale, ao dawa ya kumufanya mutoto asishindwe, ile si judo tena. Ondoa mutoto wako pale.

Muchezo huu ukifundishwa vizuri, unatia mwili nguvu. Mutoto anajifunza kuanguka bila kuvunjika. Anajifunza tena kushindwa bila hasira na kushinda bila majivuno. Je, ukifundishwa vibaya? Sikia habari ya mutoto mumoja wa Kivu.

MUCHEZO NI MUMOJA, WAALIMU SI MAMOJA

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka wa 1992. Vita ilimutenga na jamaa yake akiwa angali mutoto. Alikaa siku nane katika pori mbele ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Kule, katika nyumba ya kutunza watoto waliokimbia vita, alianza judo. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba judo ilimupa utulivu na adabu. Lakini ameeleza tena kwamba, alipokuwa mushindani mukubwa, kila mara aliposhindwa walimufungia na kumunyima chakula cha kutosha. Mwaka wa 2013 alikwenda Rio de Janeiro, inchi ya Brazili, kwa mashindano ya dunia. Akabaki kule na kuomba ukimbizi. Mwaka wa 2016, katika muji uleule wa Rio, aliingia michezo ya Olimpiki katika timu ya kwanza ya wakimbizi, akashinda pambano lake la kwanza.

Unaona, mama? Judo ilimuinua mutoto mwenye kupoteza jamaa. Tena katika judo hiyohiyo aliteswa. Tofauti ilitoka kwa watu wenye kuishika. Kwa hiyo, usichague kwanza muchezo. Chagua mwalimu.

KABLA YA KULIPA, NENDA KUTAZAMA

Usilipe siku ya kwanza. Nenda mara mbili: mara moja baada ya kuwaambia, mara nyingine bila kuwaambia. Keti pembeni kwa saa nzima. Hata kama hujui judo hata kidogo, macho ya mama yanatosha kwa mambo haya:

1. Tazama mutoto mwenye kushindwa. Mwalimu anamufanya nini? Anamuinua na kumuonyesha kosa lake? Ao anamuchekesha, anamupiga fimbo, anamukatalia maji? Hili ni jambo la kwanza kuliko yote.

2. Tazama wale wapya. Katika klabu nzuri, majuma ya kwanza mutoto anajifunza kuanguka: kidevu kwa kifua, mukono kupiga chini, kubingirika. Kama wanamuangusha siku ya kwanza, toka pale.

3. Tazama ishara ya kuomba kuachiwa. Mutoto akigonga mwenzake ao chini mara mbili kwa mukono, ni kusema «nimeshindwa, niachie». Mwenzake apashwe kumuachia mara moja. Watoto wadogo wasifundishwe kukaba shingo wala kupinda viungo.

4. Tazama wanacheza na nani. Mutoto wa kilo 25 asipigane na kijana wa kilo 50.

5. Tazama chini. Mikeka ya judo ni ya bei kali, na klabu nyingi hazina. Magunia yenye kujaa maranda ya mbao, yenye kufunikwa na bashi iliyokazwa vizuri, yanaweza kusaidia. Lakini saruji tupu, ao bashi juu ya mawe, hapana.

6. Tazama mulango. Uwe wazi, na wazazi waruhusiwe kukaa. Mwalimu mwenye kukataza wazazi kutazama, mwenye kuita mutoto peke yake usiku, ao mwenye kumuambia «usiseme nyumbani», ni wa kuogopwa. Hii ni kwa wasichana na kwa vijana pia.

Kisha uliza mwalimu alijifunza wapi, na ni nani alimupa mukaba wake. Mwalimu wa kweli hakasiriki. Anaonyesha karatasi zake. Uliza kama klabu imeandikwa kwa ligi ya jimbo, na uende kuhakikisha kule. Lakini sikia vizuri: mukaba mweusi unaonyesha kwamba mutu anajua kuangusha. Hauonyeshi kwamba anajua kulea. Kwa hiyo uliza tena wazazi wengine, zaidi sana wale wenye kuondoa watoto wao.

Neno lingine la kuuliza majirani: je, vijana wakubwa wa klabu ile wanatumikishwa kwa kutisha watu, kulinda baa, ao kupiga watu siku za kampeni? Mahali mukubwa anauza mikono yake, mudogo atafuata.

KARIBU NA NYUMBANI

Klabu ya karibu, yenye mwalimu mwema na magunia ya maranda, inapita ile ya mbali yenye mikeka mizuri. Hesabu njia. Mutoto atakwenda kwa miguu? Na nani? Atavuka barabara kubwa? Masomo yakiisha saa kumi na mbili jioni, atafika nyumbani giza likiwa limeingia. Omba saa ya mapema, ao siku ya posho. Kama watoto wa majirani wanakwenda pia, wazazi wapeane zamu ya kuwasindikiza.

Uliza shule yake kwanza. Mara nyingine kuna klabu katika uwanja wa shule, na mama anapita kila siku bila kujua.

BEI YA KWELI

Usiulize tu, «Kwa mwezi ni pesa ngapi?» Uliza mambo matano: kuandikishwa, malipo ya mwezi, kimono, mutihani wa mukaba, na safari za mashindano. Halafu hesabu mwaka muzima. Huu ni mufano tu:

Klabu ya kwanza inaomba franka 10,000 kwa mwezi. Inaazima watoto kimono za zamani. Mutihani ni mara moja kwa mwaka, franka 10,000. Jumla ya mwaka: franka 130,000.

Klabu ya pili inaomba franka 5,000 kwa mwezi. Unasema, «Hii ni rahisi!» Lakini kimono ni lazima kununua kwa mwalimu mwenyewe, franka 60,000. Na mutihani ni kila miezi miwili, franka 15,000. Jumla ya mwaka: franka 210,000.

Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ya bei kali. Tena mikaba ya haraka ni biashara. Kutoka mukaba mweupe, kupita wa manjano, wa machungwa, wa kijani, wa bluu na wa kahawia, mpaka mweusi, ni kazi ya miaka mingi.

Lipa mwezi kwa mwezi, usilipe mwaka muzima mbele. Omba karatasi ya malipo. Usione haya kuomba kupunguziwa, zaidi ukiwa na watoto wawili. Na pesa ya judo isitoke katika chakula cha nyumba ao minervali. Mutoto mwenye njaa hajengwi na muchezo.

MUPITISHE KWANZA KWA KLINIKI

Mbele ya kuanza, leta mutoto tumupime. Sababu gani?

Kwanza ni bandama. Malaria ya mara kwa mara inaweza kufanya bandama ivimbe chini ya mbavu za kushoto. Bandama yenye kuvimba inaweza kupasuka kwa pigo ao kwa kuanguka, na damu inamwagika ndani ya tumbo bila kuonekana inje. Mutoto anaweza kufa upesi. Muganga anaigusa kwa mukono. Akiona ni kubwa, mutoto angoje mpaka irudi.

Pili ni ugonjwa wa damu SS. Kazi kali, kiu na baridi vinaweza kumuletea mutoto wa SS maumivu makali. Muganga ndiye ataamua anaweza kucheza nini.

Tatu, tuambie kama ana kifafa, ugonjwa wa moyo, pumu, ao kikohozi chenye kupita majuma mawili. Na ulete karti yake ya chanjo tuangalie ile ya pepopunda.

Nyumbani, mukate kucha fupi, fua kimono kila juma, na mupe chupa ya maji safi. Akiwa na upele, choa ao kidonda chenye usaha, akae nyumbani mpaka apone, maana ngozi inagusana na magonjwa haya yanaenea kwa watoto wote. Na mwalimu akimuambia asile ao asinywe ili apunguze kilo kwa mashindano, kataa. Mutoto anakua, hapunguzwi.

AKIUMIA

Akigonga kichwa, aache kucheza siku ile, hata akisema «nimepona». Mulete kwa hospitali upesi, hata usiku, kama alizimia, anatapika, maumivu ya kichwa yanaongezeka, anasinzia kupita kawaida, anasema maneno yasiyo sawa, anatetemeka mwili muzima kama wa kifafa, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ingine, ao maji ama damu inatoka katika sikio ao pua. Usimupe aspirini. Asirudi kwa judo mpaka muganga aruhusu.

Akianguka kisha tumbo linauma upande wa kushoto, ao bega la kushoto linauma bila kuumia, na anakuwa mweupe na jasho ya baridi, ni hatari ya bandama. Usingoje asubuhi.

Akisema shingo linauma, ao mikono na miguu haisikii, asiinuliwe kwa kuvutwa. Watu wanne wamuweke juu ya ubao, kichwa na mwili katika mustari mumoja, na kumuleta vile.

YULE MAMA ALIFANYA NINI?

Alikwenda kutazama klabu mbili. Kisha akanileta kijana. Niligusa tumbo lake: bandama ilikuwa kubwa. Muganga alimutibu na akasema angoje. Kijana alilia sana.

Mama alirudi kuwaambia waalimu wote wawili. Wa kwanza alicheka, akasema, «Mulete tu, judo itamuponyesha. Na usilete wasiwasi ya wanawake hapa.» Wa pili, mwenye kufundisha chini ya hangari ya shule juu ya magunia, aliuliza, «Muganga alisema muda gani?» Akaandika jina la mutoto katika daftari yake, akasema, «Nafasi yake itangoja. Aje kutazama wenzake kama anataka, hatalipa kitu.»

Yule mama hakuniuliza tena ni klabu gani ya kuchagua.

KUMBUKA

– Chagua mwalimu mbele ya kuchagua muchezo.
– Nenda kutazama mara mbili. Angalia mutoto mwenye kushindwa anafanyiwa nini.
– Hesabu bei ya mwaka, si ya mwezi.
– Njia iwe fupi, na mutoto afike nyumbani mbele ya giza.
– Bandama ipimwe mbele ya kuanza, na tena kila mara akipona malaria.
– Mutoto akikataa gafula kwenda kwa klabu, usimulazimishe kwa sababu umekwisha kulipa. Keti naye, umuulize polepole, umusikilize mpaka mwisho.