Bustani ya bahari ndani ya nyumba: Piga hesabu kabla ya kupanua tangi

UFUGAJI wa samaki unapotajwa, fikra za wengi huenda moja kwa moja kwenye bwawa la sato au kambale nyuma ya nyumba. Lakini upo ufugaji mwingine ambao samaki wake hawaliwi, bali hutazamwa. Huu ni ufugaji wa samaki wa maji chumvi pamoja na matumbawe hai ndani ya tangi la kioo, sebuleni, hotelini au ofisini.

Kwa mfanyabiashara mdogo, tangi la aina hii lina faida mbili. Kwanza, ni pambo linalovuta wateja katika mgahawa au duka. Pili, ni ajira, kwa sababu wenye matangi mara nyingi hawana muda wa kuyahudumia na huwa tayari kumlipa mtu anayejua kazi.

Hata hivyo, hasara yake huja haraka. Kosa la usiku mmoja linaweza kuua viumbe waliotunzwa kwa miaka miwili. Wengi hupata hasara hiyo si wanapoanza, bali wanapokuwa wamefanikiwa na tangi dogo, wakaamua kuhamia kubwa bila maandalizi.

Mawe ndiyo shamba

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kinyesi chake. Amonia ni sumu. Baharini hupotea katika maji mengi, lakini ndani ya tangi hubaki palepale. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na hupunguzwa kwa kubadilisha maji.

Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 ili waongezeke vya kutosha. Anayejaza tangi Jumatatu na kununua samaki Jumamosi anapanda mbegu kwenye saruji. Njia ya kutumia mawe yenye uhai kusafisha maji si mpya. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la wafugaji wa samaki jinsi alivyotunza viumbe wa bahari kwa kutumia mawe hayo, maji safi ya bahari na viputo vya hewa tu.

Siku hizi mfugaji huongeza skima, mashine inayopitisha viputo vidogo sana ndani ya maji. Uchafu ulioyeyuka hujishika kwenye viputo, hupanda juu kama povu na kumwagikia kwenye kikombe. Kikombe hicho kisipooshwa, skima hupunguza kazi. Kukiosha mara mbili kwa wiki ni kazi ya dakika tano.

Maji na chumvi yake

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Aliye pwani anaweza kuchota baharini, lakini achote mbali na bandari na mdomo wa mto, maji yakiwa yamejaa, na aepuke siku za mvua kubwa zinazoleta tope na uchafu. Maji hayo yachujwe kwa kitambaa safi na kupimwa chumvi kabla ya kutumika.

Aliye Dodoma, Nairobi au Mbeya hana budi kuchanganya mwenyewe. Atahitaji chumvi maalumu ya matangi, karibu gramu 36 hadi 38 kwa lita moja. Chumvi ya mezani haifai. Hata chumvi ya mabwawa ya pwani haifai, kwa kuwa maji yanapokaushwa juani, kalsiamu hutangulia kuganda chini na magnesiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachovunwa ni chumvi ya chakula tu, na matumbawe hayawezi kuishi kwa hiyo pekee.

Maji ya kuchanganyia nayo yawe safi. Maji ya bomba yana klorini, na ya kisima huwa na madini mengi. Wafugaji wengi hutumia mtambo wa kuchuja kwa osmosisi. Mtambo huo hutupa lita kadhaa kwa kila lita moja safi, lakini maji yanayotupwa yanaweza kufulia nguo au kumwagilia bustani.

Jambo linalowaponza wengi ni kujazia. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi haiondoki. Tangi la lita 300 likipoteza lita 15, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37. Hivyo kila siku lijaziwe maji baridi yaliyochujwa, si maji ya chumvi. Maji ya chumvi hutumika pale tu mfugaji anapotoa maji ya zamani na kuweka mapya, kwa kawaida asilimia 10 kila wiki.

Chokaa ya matumbawe

Tumbawe ni mnyama anayejenga mifupa ya chokaa. Ili ajenge, hutoa kalsiamu na kaboneti ndani ya maji. Kwa tangi lenye matumbawe magumu, kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, na kipimo cha alikaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili tindikali, kiwe kati ya 7 na 11 katika vipimo vya Kijerumani. Jambo kubwa ni kutoyumba. Kipimo kinachobaki 8 mwezi mzima ni bora kuliko kinachopanda 11 leo na kushuka 7 kesho.

Njia mojawapo ya gharama nafuu ni maji ya chokaa. Chokaa safi iliyozimwa, isiyozidi gramu 1.5 kwa lita, huyeyushwa katika maji yaliyochujwa. Yakishatulia, yale meupe ya chini huachwa na maji maang'avu hudondoshwa taratibu usiku, yakichukua nafasi ya maji yaliyopotea kwa mvuke. Isiwe chokaa ya kupaka nyumba wala ya kutibu udongo wa shamba. Itumike yenye usafi wa kiwango cha chakula, na mikono ilindwe kwa sababu huunguza.

Hesabu za tangi kubwa

Watu hudhani tangi dogo ni rahisi kutunza. Ukweli ni kinyume. Samaki mmoja akifa na kuoza ndani ya lita 96, sumu yake huwa mara tatu ya ile ambayo angeleta katika lita 300. Tangi kubwa humpa mfugaji muda wa kugundua kosa. Lakini muda huo una bei yake.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Likijaa linabeba lita 300. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 300. Ukiongeza kioo na mawe, uzito hukaribia kilo 400, sawa na mifuko minane ya saruji. Meza ya kawaida haiwezi, na sakafu ya mbao ghorofani ichunguzwe na fundi kwanza.

Umeme nao uhesabiwe. Taa za LED za wati 150 zikiwaka saa 10 hula uniti 1.5 kwa siku. Pampu za wati 40 zinazokwenda usiku na mchana hula karibu uniti 1, na skima ya wati 15 hula uniti 0.36. Jumla ni karibu uniti 85 kwa mwezi, bado mashine ya kupoza au kupasha maji joto. Kila wiki zitahitajika lita 30 za maji mapya, yaani dumu moja na nusu, pamoja na zaidi ya kilo moja ya chumvi. Anayetaka kupanua azidishe hesabu hizi kwa bei za mjini kwake, kwa miezi 12, kabla ya kununua kioo.

Siku ya kuhama

Tangi jipya lijazwe maji baridi kwanza na kuachwa siku kadhaa ili kuona kama linavuja. Baada ya hapo maji ya chumvi yaandaliwe siku moja au mbili kabla, yakizungushwa na pampu, hadi chumvi na joto vilingane na vya tangi la zamani.

Siku yenyewe, matumbawe na mawe huhamishwa yakiwa ndani ya maji, kwa sababu bakteria wanaosafisha tangi wako kwenye mawe. Samaki hukamatwa mwisho, mawe yakishaondolewa. Kuwakimbiza katikati ya mawe huwajeruhi. Mchanga wa zamani ndio hatari kubwa. Ukivurugwa hutoa uchafu uliojificha kwa miezi na unaweza kuua vyote kwa siku moja. Ni afadhali kununua mpya, au kuuosha wa zamani kwa maji ya chumvi hadi usitoe tope.

Taa mpya zisiwashwe kwa nguvu zote. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mwani mdogo sana unaolilisha kwa kutumia mwanga, na mwanga mkali wa ghafla huliunguza. Taa zianze na nusu ya nguvu na kuongezwa kidogo kidogo kwa wiki 3 au 4. Amonia ipimwe kila siku katika wiki mbili za mwanzo, na samaki wapya wasiongezwe.

Wapya wakija, watengwe wiki 4 hadi 6 katika tangi dogo la pembeni, kama mfugaji wa kuku anavyotenga vifaranga wageni. Ugonjwa wa madoa meupe huingia na samaki mmoja na kumaliza wote. Dawa ya shaba huutibu, lakini itumike katika tangi la pembeni tu, kwani shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Aidha, mnunuzi aulize ukubwa wa mwisho wa samaki. Kangaja wa sentimita 5 dukani anaweza kufikia sentimita 20 au zaidi, na huhitaji nafasi ya kuogelea.

Joto na kukatika kwa umeme

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 25 na 27. Dar es Salaam na Mombasa tatizo ni joto kuzidi. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, ingawa huongeza mvuke, hivyo kujazia nako huongezeka. Nyanda za juu tatizo ni baridi, na hita mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa, maana moja ikiharibika nyingine hubaki.

Umeme ukikatika, samaki hawafi kwa giza bali kwa kukosa hewa, kwa kuwa maji yasiyozungushwa huishiwa oksijeni, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kinga ya kwanza kununua, kabla ya samaki wa gharama. Isipokuwapo, maji yachotwe kwa jagi na kumiminwa tena humo humo kila baada ya dakika chache. Chakula kisitolewe hadi umeme urudi.

Bahari ina sheria

Matumbawe magumu yote, pamoja na mawe hai yanayotokana nayo, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Katika hifadhi kama Malindi, Watamu na Kisite nchini Kenya, au visiwa vya Mbudya na Bongoyo nchini Tanzania, kuvua na kuchukua viumbe ni marufuku. Kwingineko, anayetaka kukamata samaki wa mapambo apite kwanza ofisi ya uvuvi.

Sababu ipo. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania, na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa matumbawe duniani kwa mara ya nne. Mwamba uliokufa hauna samaki wa mapambo wala wa kitoweo, na mvuvi ndiye wa kwanza kulala njaa.

Habari njema ni kwamba tumbawe huzaliana kwa vipande, kama pingili ya muhogo. Kipande kikikatwa na kubandikwa kwenye kigingi, hukua na kuwa tumbawe kamili. Kwa njia hiyo wakazi wa Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, wameshiriki kupandikiza upya miamba yao. Mwenye tangi lenye afya naye anaweza kukata na kuuza vipande alivyokuza mwenyewe, akitunza hati za asili yake.

Mawe nayo yanaweza kutengenezwa kwa saruji, mchanga na makombe yaliyopondwa, kisha yakalowekwa kwa wiki nyingi huku maji yakibadilishwa hadi ukali wa saruji uishe. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa wala kugusa mwamba wa bahari.

Kwa anayetaka kuhudumia matangi ya wengine, kifaa cha kwanza si pampu wala taa, bali daftari. Kila tangi liwe na ukurasa wake: tarehe, chumvi, joto, alikaliniti, naitreti, maji yaliyobadilishwa na fedha zilizotumika. Vipimo vinapoanza kushuka, daftari huonyesha wiki moja kabla samaki hajaonyesha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika biashara hii mali yenyewe inapumua.