Vita vya mbali, gazeti la karibu: Habari za Ukraine hufikaje Oyugis?

Asubuhi mjini Oyugis, magari yanayopita barabara ya Kisii kwenda Kisumu hushusha mafungu ya magazeti. Muuzaji huyapanga juu ya meza, na kabla ya saa tatu watu wameshaizunguka. Wapo wanaonunua, na wapo wanaosoma vichwa vya habari kwa kuinama tu kisha wakaenda zao. Ukurasa wa mbele ni siasa. Vita vya Ukraine, Gaza na Sudan utavikuta ndani, baada ya kurasa nyingi, mara nyingi kabla tu ya michezo.

Hali ni hiyo hiyo Likoni, Malindi na Lamu. Gazeti analosoma mtu wa Oyugis ndilo tunalosoma sisi Pwani, na swali letu ni moja: hizo habari za vita zimeandikwa na nani?

Jibu limo ndani ya gazeti lenyewe. Tazama chini ya kichwa cha habari, pale panapokaa jina la mwandishi. Habari ya Homa Bay au Kilifi ina jina la mtu. Habari ya Kyiv au Khartoum mara nyingi imeandikwa "Na AFP", "Na Reuters", au kwa ufupi "Na Mashirika". Maana yake ni kwamba gazeti halikumtuma mtu. Limenunua habari kutoka kwa mashirika makubwa: AFP la Paris, Reuters la London, AP la New York. Mhariri wa Nairobi huipokea, akaipunguza iingie kwenye nafasi iliyobaki, na kama gazeti ni la Kiswahili, akaitafsiri.

Tusimlaumu mhariri upesi. Kumweka mwandishi vitani ni gharama kubwa: nauli, bima, mkalimani, dereva, fulana ya kuzuia risasi. Magazeti yetu yamepunguza wafanyakazi hata hapa nyumbani. Na mashirika hayo yana waandishi hodari, baadhi yao wamekufa kazini.

Lakini mwenye macho ndiye anayechagua pa kutazama. Mwandishi anayewaandikia kwanza wasomaji wa Ulaya na Marekani huanza na yale yanayowagusa wao. Tuliliona hilo Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Mwandishi wa televisheni ya CBS ya Marekani, Charlie D'Agata, alisema Kyiv si kama Iraq au Afghanistan, ni mji "uliostaarabika" zaidi. Baadaye aliomba radhi. Siku hizo hizo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakiikimbia Ukraine walilalamika kuwa wanarudishwa nyuma kwenye foleni za mpaka wa Poland. Sauti zao zilianza kusikika kwa video walizopiga wenyewe kwa simu.

Pia upo uzani wa kurasa. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, katika nchi iliyo karibu nasi kuliko Ukraine, na vimewahamisha mamilioni ya watu. Hata hivyo vimepita vipindi virefu bila kupewa nafasi inayolingana na maafa yake. Mashirika yakituma machache, gazeti la Nairobi nalo huchapisha machache.

Vita vya mbali hutoka kurasa za ndani vinapogusa mfuko au mtoto wa mtu. Mfuko uliguswa mwanzo. Sehemu kubwa ya ngano inayoingia Kenya ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraine, basi bei ya unga wa chapati na mahamri ikapanda, na mbolea nayo ikamlemea mkulima wa Oyugis. Kuanzia Novemba 2023, Wahouthi waliposhambulia meli Bahari ya Shamu, habari hiyo ikawa ya bandari ya Mombasa.

Kisha akaguswa mtoto. Septemba 2025 polisi waliwaokoa vijana zaidi ya ishirini huko Athi River waliokuwa wakiandaliwa kupelekwa Urusi. Novemba mwaka huo Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, alisema huenda Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi. Wapo walioondoka wakiamini wanakwenda kufanya kazi za kawaida. Hapo ndipo uandishi ulipobadilika. Waandishi wetu walikwenda wenyewe majumbani, wakakaa na wazazi, wakauliza nani alilipa tikiti na mkataba uliandikwa kwa lugha gani. Habari ikapata jina la mwandishi juu na majina ya watu wetu ndani. Kijana anayeahidiwa mshahara mnono ng'ambo anaihitaji habari ya namna hiyo kabla hajapanda ndege.

Ila ukaribu peke yake hautoshi. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walishambulia kambi ya jeshi letu El Adde, Somalia. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Mwanahabari mmoja alikamatwa kwa aliyoyaweka mtandaoni. Miezi michache baadaye CNN, televisheni ya Marekani, ndiyo iliyoripoti kuwa waliouawa hawakupungua 141. Vita vilikuwa vyetu na maiti walikuwa wetu, na hesabu tukaisikia kutoka mbali.

Wazee wa Oyugis wana sababu ya kulielewa hili. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, mwendo mfupi kutoka hapo, wakapigana na jeshi la Waingereza. Kwa msomaji wa London, hivyo ndivyo vilikuwa vita vya mbali. Maafisa wa Kizungu waliandikwa kwa majina. Wapagazi waliochukuliwa kutoka Nyanza na Pwani, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, waliandikwa kwa jumla. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la mitaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Basi ukilishika gazeti, uliza mambo matatu. Nani ameandika, na alikuwepo? Nani amepewa nafasi ya kusema: jenerali peke yake, au na mama aliyehama nyumba yake? Na hiyo idadi ya waliokufa imetolewa na nani, aliyeshambulia au aliyezika? Habari isiyojibu hata moja, isome lakini usiitegemee. Na kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ngoja ya kesho.