Jina Lililokuwa Nyuma ya Msahafu

Kina mama, kina baba na vijana wetu, juma hili naomba niwapeleke mbali kidogo na bahari, mpaka Kibomet, hapa Kitale ninapoishi na kusomesha.

Alifariki mzee mmoja katika mtaa wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa msikitini, mpole, mwenye kiwanja, ng'ombe watatu na akiba ndogo. Baada ya siku za matanga kupita niliitwa nyumbani kwake kugawa mirathi. Mjane alikuwamo ndani katika eda yake, binti zake wawili wamekaa karibu na mlango, na upande wa barazani walikuwapo vijana wawili, watoto wa ndugu yake mume aliyemtangulia kufa. Wazazi wa marehemu walikwisha kufariki zamani. Kila mtu katika nyumba ile aliamini kwamba warithi wote wapo pale.

Hesabu ya faraidhi haikuwa ngumu. Fanya mali yote ni mafungu 24. Mjane ana thumni, nayo ni mafungu 3. Mabinti wawili wana thuluthi mbili, nayo ni mafungu 16. Yaliyobaki ni 5, na hayo huenda kwa asaba aliye karibu zaidi na marehemu. Kwa wale tuliowajua, asaba walikuwa ni wale vijana wawili. Mmoja wao, kama nilivyokuja kusikia baadaye, alikwisha mwahidi mtu fedha za kiwanja.

Nilikuwa karibu kufunga daftari langu. Yule mjane akasema kutoka ndani, "Maalim, kabla hujaondoka, tusomee na dua aliyoiandika baba mkwe nyuma ya msahafu wake. Sisi hatujui kuisoma." Ukaletwa msahafu mkuukuu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani. Nikaufungua ukurasa wa mwisho. Haikuwa dua. Ilikuwa ni Kiswahili kilichoandikwa kwa harufi za Kiarabu, kwa mkono mzuri wa mtu aliyesoma chuoni, nacho kilikuwa ni orodha ya kuzaliwa kwa watoto wake.

Majina yalikuwa manne. Nyumba ile iliwajua wawili tu, marehemu na nduguye. Jina la mwisho lilikuwa la mtoto mchanga, na pembeni yake mzee ameandika neno moja: amefariki. Na jina la mwanzo kabisa lilikuwa la mtoto wa kike, amezaliwa Siyu, mwezi wa Rajab mwaka 1361, yaani katikati ya mwaka 1942 kwa hesabu ya miladi.

Nikaufunga msahafu, nikawaambia wale vijana kwamba leo hatugawi kitu.

Huenda msomaji akauliza, dada mmoja wa kwa baba, tena wa mbali, anabadilisha nini? Anabadilisha yote yaliyobaki. Marehemu akiacha mabinti na dada wa kwa baba, na hakuna ndugu wa baba na mama mmoja, dada yule huwa asaba pamoja na mabinti, akasimama mahali pa ndugu mume, na watoto wa ndugu hawapati kitu mbele yake. Yale mafungu 5 yalikuwa haki ya mama mmoja ambaye hakuna aliyejua kama yu hai.

Ilikuwaje mtu wa Kitale awe na dada Siyu? Hilo si ajabu kwetu. Watu wa pwani wamekuwa wakija bara tangu zama za misafara ya pembe, walipokuwa wakipiga kambi Mumias kwa Nabongo Mumia na kuendelea kuuzunguka mlima Elgon. Kisha ikaja reli kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Wakaja kwa treni mafundi cherehani, wapishi, wachuuzi na walimu wa chuo. Wengi walikuwa wameacha wake na watoto nyuma, wengine wametaliki kabla ya kuondoka, wakaoa tena huku. Baba wa marehemu wetu alikuwa fundi cherehani. Alimpa talaka mkewe wa kwanza, akapanda treni, na kwa watoto wa huku hakutaja kitu. Hata hivyo aliandika. Kwa hilo namwombea heri kila nimkumbukapo.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Mama yangu mzazi alikuwa hodari wa kusimulia jioni, akitutajia mababu mmoja baada ya mmoja, nasi watoto tukisinzia. Nimesoma vitabu vya fiqhi nikahifadhi majina ya wanavyuoni na ya walimu wao na ya walimu wa walimu wao, na jina la bibi aliyemzaa bibi yangu silijui mpaka leo. Mama amefariki na jina amekwenda nalo.

Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, ametutaka tujifunze katika nasaba zetu kile kitakachotuwezesha kuwaunga jamaa zetu. Makusudio ni kuunga. Kujifakharisha ni jambo jingine, na wako miongoni mwetu wanaotafuta shajara ili wapate babu wa ng'ambo wa kujigambia. Nasaba ya uongo ni dhambi, na mwenye haja ya babu wa kupambia sebule bora anunue saa ya ukutani. Wako pia wanaoficha. Katika pwani yetu hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907 tu, na katika nyumba nyingi yuko bibi ambaye jina la baba yake halitajwi. Muandikeni bibi huyo kama alivyokuwa, kwa jina lake, na alilolea, na alilopika, na aliowasomesha. Yeye hana aibu yoyote. Aibu ni ya aliyemuuza.

Wanavyuoni wetu hawakulidharau jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947, aliandika tarehe ya ukoo wake wa Mazrui wa Mombasa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Kadhi Mkuu baada yake kwa miaka mingi, alikusanya habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, nani alisoma kwa nani na nani alimzaa nani. Na miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha ili isipotee kwa mchwa na unyevu.

Lakini habari kubwa za nyumba hazimo katika vitabu vya wakubwa. Zimo kwa kina mama. Ni wao wanaojua nani alimnyonyesha mtoto wa nani pale mama yake alipougua, na hilo si porojo la jikoni: ndugu wa kunyonya hawaoani. Mwaka mmoja niliwahi kusimamisha posa kwa kauli ya ajuza mmoja ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. Lau angetangulia kufa, ningaliwafungisha nikah mwenyewe.

Kwa hiyo, binti yangu unayesoma haya, mfuate bibi yako asubuhi akiwa hajachoka. Usimkalishe kama shahidi mahakamani. Mpe picha za zamani, umwache aseme, na simu iwe inarekodi kwa idhini yake. Geuza kila picha uangalie nyuma. Andika jina la mama na la mama wa mama, kwani shajara zetu nyingi ni za wanaume watupu. Ukitaka ushahidi wa karatasi, ndoa na talaka za Waislamu zilikuwa zikiandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1906 mpaka ilipofutwa mwaka 2014, basi muulize Kadhi wa mji wenu juu ya madaftari ya zamani. Mashamba ya pwani yalidaiwa na kuandikwa kwa sheria ya mwaka 1908, na hati za wakf hutaja watoto na wajukuu. Nairobi, katika Moi Avenue, iko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Na wanaokuwa na kijana aliyeulizwa makaratasi ya babu yake alipoomba kitambulisho hawahitaji kuambiwa na mimi kwamba karatasi hizi zina kazi.

Nirudi Kibomet. Nilimpigia maalim mwenzangu aliyeko Faza. Akauliza msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na siku ya tatu akanijibu: mama yule yu hai, umri wake umepita themanini, macho ndiyo hayaoni vizuri. Tulitaka ushahidi, wakapatikana wazee wawili waadilifu waliomjua mama yake na talaka yake. Mafungu 5 yakapelekwa kwake. Kijana mmoja wa barazani aliridhika siku ile ile. Mwenziwe alikaa miezi miwili hanisalimii vizuri, nami sikumlaumu sana.

Nilizungumza na yule mama kwa simu. Fedha hakuziuliza. Aliuliza kama ndugu yake alikuwa mrefu kama baba. Kisha akaniomba nimsomee ile orodha, neno kwa neno, nami nikamsomea. Alinyamaza, halafu akasema, "Maalim, hapo baba amekosea. Mimi nilizaliwa Faza, kwao mama. Siyu nilipelekwa nikiwa na siku arubaini."

Mabinti wa marehemu wameliandika hilo katika karatasi, kwa tarehe na kwa jina la aliyesema, wakalitia ndani ya msahafu mahali pale pale.