Kutoka Kirotshe hadi Rio, na Vijana wa Mangobo

Alfajiri katika Mangobo, Kisangani, kabla jua la ikweta halijaanza kuwaka na kabla waendesha toleka hawajazijaza barabara kwa baiskeli na abiria wao, hupita vijana wawili watatu wakikimbia kandokando ya njia, mmoja amevaa raba zilizolika visigino, mwingine miguu mitupu, nao hawana saa ya kuwapimia mwendo wala mtu wa kuwaambia kwamba jana walikwenda mbio kupita kiasi na leo yawapasa kupumzika. Katika nchi ambayo fahari yake ya michezo aghalabu hutafutwa katika kandanda na masumbwi, mbio ndefu zimekuwa fani yatima, na mwenye kuzichagua huzichagua kwa mapenzi matupu.

Kwa sababu hiyo habari ya Beatrice Kamuchanga yastahili kusimuliwa hapa Kisangani. Binti huyu aliyezaliwa mwaka 1997 alipata mafunzo yake Kirotshe, Kivu ya Kaskazini, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu. Na mwezi wa Agosti 2016, akiwa mmoja wa wanamichezo wanne tu walioiwakilisha Kongo katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, alisimama kwenye mstari wa mita 5,000, yaani mizunguko 12 na nusu ya uwanja, pamoja na wanawake ambao kukimbia ndiyo kazi yao na riziki yao. Alifika huko kwa mlango ambao waandaaji huyaachia mataifa yasiyokuwa na mwanariadha aliyetimiza muda wa kufuzu. Aliachwa mbali, na fainali hakuiona.

Wako waliouliza amekwenda kufanya nini. Swali hilo naliona la dhuluma, kwa kuwa mshindi wa mbio zile zile, Vivian Cheruiyot wa Kenya, aliyetwaa dhahabu kwa dakika 14 na sekunde 26 akiwa karibu kutimiza miaka 33, naye alikuwa amekwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa msichana wa miaka 17, akarudi kwao bila medali. Na baina ya Sydney na Rio ilipita miaka 16 ya mazoezi, majeraha, ubingwa wa dunia, na medali mbili za London mwaka 2012 ambazo hakuna hata moja iliyokuwa ya dhahabu. Lakini tofauti kubwa ni kwamba Cheruiyot aliporudi nyumbani aliwakuta walimu, wenzi wa mazoezi na mashindano kila mwaka, ilhali binti wa Kivu alirudi mahali ambapo takriban kila kitu kilimtegemea mtu mmoja.

Mtu huyo ni Makorobondo Salukombo, aliyeikimbia vita utotoni, akapitia Uganda, akakulia Cleveland huko Marekani na kusomea Chuo Kikuu cha Denison. Na baada ya kupata elimu na miguu iliyozoea mashindano, aliona wajibu wa kuwafunza mbio vijana wa Kirotshe, na katika Rio ile ile akakimbia marathoni kwa bendera ya Kongo. Mwanafunzi na mwalimu wake wote wawili wakawa kwenye Olimpiki mwaka mmoja! Sijui heshima ipitayo hiyo kwa mji mdogo ambao jirani yake, Sake, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025.

Najua nitaambiwa kwamba Mangobo si Kirotshe. Ni kweli: Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na Iten ya Wakenya yapata mita 2,400, ambako hewa nyepesi huulazimisha mwili kuongeza chembe nyekundu za damu, na sisi tuko kwenye mita 400 hivi, katika unyevu ambao jasho humiminika bila kukauka, hata moyo ukafanya kazi zaidi kwa mwendo ule ule. Lakini udhuru huo wamhusu anayetafuta dhahabu. Kijana wa miaka 15 hahitaji mlima. Ahitaji kuanza saa kumi na moja alfajiri, kunywa maji ya kutosha, kuongeza masafa kidogo kidogo, na awepo mtu mzima wa kumzuia asijimalize kabla hajakomaa, kwani wengi wenye vipaji huharibika katika miaka ya mwanzo kwa pupa.

Basi ombi langu kwa viongozi wa riadha wa mkoa wetu wa Tshopo, na kwa walimu wa shule za Mangobo, ni dogo na halina gharama ya kutisha: Uwanja wa Lumumba ufunguliwe kwa vijana hawa asubuhi mbili kila wiki, pawekwe mashindano ya mita 5,000 kila baada ya miezi mitatu, wasichana kwa wavulana, na kila anayemaliza, hata wa mwisho, muda wake uandikwe daftarini mbele ya jina lake, ili mwakani tuweze kumwonyesha alikotoka.