Kuomba radhi kwa adabu: ‘Pole’ si ‘samahani’

MTU anapomkanyaga mwenzake katika msongamano wa Soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, hutamka moja ya maneno mawili: “pole” au “samahani”. Wengi huyachukulia kuwa sawa, ilhali yana uzito tofauti.

“Pole” humfariji aliyepatwa na jambo, hata kama msemaji hahusiki. Ndiyo maana hupewa mgonjwa, mfiwa na hata anayetoka kazini. Anayeitamka ameonyesha huruma, lakini hajakiri kosa.

“Samahani” ni ombi. Msemaji anakubali kuwa amekosea na anamwachia aliyekosewa uamuzi wa kusamehe. Hata hivyo, neno hilo hutumika pia kumsimamisha mpita njia ili kumuuliza jambo. Kwa hiyo kosa likiwa kubwa, au aliyekosewa akiwa mzee, adabu hudai kauli nzito zaidi kama “naomba radhi” au “niwie radhi”.

Lugha nyingine nazo zina ngazi za namna hiyo. Kwa Kikorea, kijana humwambia rafiki yake “mianhae”. Akimwambia mwalimu hivyo amekosa adabu, sawa na kumwamkia mzee kwa “mambo” badala ya “shikamoo”. Mkubwa huambiwa “joesonghamnida”, huku msemaji akiinamisha kichwa.

Tofauti ya kufariji na kukiri huonekana zaidi pale kosa linapohusu jamii nzima. Mkoani Iringa, fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Aliyelikabidhi ni Gavana wa Kiingereza, Edward Twining, wala si Wajerumani waliolichukua.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mwenyewe Songea, mkoani Ruvuma, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wenyeji wakati wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mbele ya wazao wa waliouawa, aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906.

Mambo hayo matatu, yaani kufika mwenyewe, kulitaja kosa na kuahidi kurekebisha, ndiyo yanayotakiwa hata katika makosa ya kila siku. Aliyemkanyaga mwenzake Mwanjelwa aanze na “samahani”, kisha “pole” ifuate.