Kabla ya kutoboa ardhi ya Kiganjo, hesabu kwanza

Julai ikifika, wakazi wa Kiganjo mjini Thika hutoa sweta nzito. Februari wanatafuta kivuli. Mita 10 chini ya miguu yao halijoto haibadiliki hivyo. Hukaa karibu palepale mwaka mzima, ikikaribia wastani wa halijoto ya hewa iliyo juu ya ardhi, ambao Thika ni takriban nyuzi 20, kwa kuwa udongo hupitisha joto polepole mno.

Pampu ya joto ya ardhini hutegemea utulivu huo. Tusiichanganye na mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme. Hapa maji huzungushwa kwenye bomba la plastiki lililopindwa mfano wa herufi U, ndani ya shimo la mita 50 hadi 200, yakichota joto ardhini au kulitua huko. Mashine iliyo juu hufanya kazi kama friji.

Mashimo mangapi yatatosha? Kanuni ya msingi ilitokana na kazi ya Lord Kelvin katika karne ya 19: shimo huchukuliwa kuwa mstari mwembamba unaotoa joto, kisha hukokotolewa jinsi linavyosambaa. Mwaka 1987 Per Eskilson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alionyesha jinsi mashimo jirani yanavyoathiriana kadiri miaka inavyopita. Ardhi yenyewe lazima ipimwe, maana udongo ulioloa maji huweza kupitisha joto mara tatu au nne zaidi ya mkavu. Maji yanayopashwa moto kwa nguvu inayojulikana huzungushwa shimoni kwa siku mbili au tatu, na kasi ya kupanda kwa halijoto hutoa jibu.

Kwetu kuna hatari ambayo Sweden hawana. Kule joto huchotwa majira ya baridi, ardhi ikajirudishia kiangazi. Mwenye chumba cha baridi Kiganjo atamwaga joto ardhini kila siku, na ardhi haitapata msimu wa kupumzika. Itapata moto mwaka baada ya mwaka, pampu ilemewe na bili ya stima ipande. Kwa hiyo hesabu ya mwaka mmoja haifai kitu. Ipigwe ya miaka 20.

Kwa maoni yangu, wanaofaa kuanza ni wanaohitaji baridi na moto kwa pamoja: kiwanda kinachopoza maziwa hadi nyuzi 4 ili bakteria wasizaane haraka, kikataka pia maji moto ya kuoshea mikebe, au hospitali yenye friji za chanjo na dobi la mashuka. Joto linalotolewa upande mmoja hutumika upande wa pili, na ardhi hubebeshwa salio tu.

Mkandarasi akikuletea bei kabla ya kuipima ardhi yako, mrudishe akaipime kwanza.