Mkanda wa Mtoto kwenye Barabara ya Rumonge

Barabara ya Taifa namba 3 ikitoka Bujumbura hupita Kanyosha na Ruziba, kisha huambaa na Ziwa Tanganyika mpaka Rumonge na Nyanza-Lac. Mwisho wa juma huwa njia ya familia. Wanaokwenda kumsalimia bibi, wanaorudi na mawese na ndagala, wanaopeleka watoto ufukweni, wote hukutana hapo na Hiace za abiria, malori na Probox zilizojaa kupita kiasi. Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, akisimamisha gari la familia huangalia kwanza kifua cha dereva, halafu cha aliyekaa kando yake. Akimwona mtoto amepakatwa kiti cha mbele, au amesimama kati ya viti viwili ili aone njia, maneno yanayofuata kila mkazi wa Bujumbura anayajua.

"Shefu, utusamehe, ni mtoto tu."

Utetezi huo umekaa juu chini. Mtu mzima asiyefunga mkanda amejichagulia mwenyewe. Mtoto wa miaka minne hakuchagua gari, hakuchagua mwendo, hakuchagua hata kiti alichokalia. Ndiyo maana nchini Uingereza abiria wa chini ya miaka 14 asipofungwa mkanda, anayewajibika ni dereva. Kwa hiyo dereva akiandikiwa faini kwa sababu ya mtoto, asiichukue kama uonevu kwa jambo dogo. Kati ya makosa yote yanayoandikwa barabarani, hili ndilo linalomgusa asiyeweza kujitetea.

Jinsi ya kuipokea faini hiyo ni jambo la dakika chache, kama mtu ana subira. Zima gari, salimia, toa permi na karatasi za gari. Uliza kosa lenyewe ni lipi na faini ni kiasi gani, kisha omba viandikwe. Karatasi ya faini itaje kosa, namba ya gari, siku na mahali pa kulipia. Lipa pale palipoandikwa, chukua risiti, itunze pamoja na karatasi za gari. Kama unaona hukutendewa haki, karatasi hiyo ndiyo utakayoifungua mkononi ukienda kulalamika. Bila karatasi huna la kuonyesha. Na noti inayokunjwa na kupitishwa dirishani haimsaidii mtoto hata kidogo. Kosa linafutika papo hapo, hakuna aliyeliandika, na mbele ya safari mtoto amesimama tena kati ya viti.

Wazazi wengi wanaamini kwamba mikono ya mama inatosha. Hesabu inakataa. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao hakuna anayeuona kuwa ni mbio, likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 15 huvuta kwenda mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200. Ni kama kumrushia mama mifuko minne ya saruji kwa mpigo na kumwambia aidake. Hakuna mapenzi yanayoweza kuishika. Na kama mama naye hakufunga mkanda, uzito wake wote unamfuata mtoto kwa nyuma na kumbana kwenye dashibodi.

Hapa kwetu kuna jambo jingine linalozidisha hatari, na sijui kwa nini halisemwi mara kwa mara. Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi tunayoyanunua yametumika Japani, ambako wanaendesha kushoto, na usukani wake uko kulia. Maana yake dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara, na abiria wa mbele amekaa katikati, uso kwa uso na gari linalokuja. Dereva akitaka kulipita lori, ni abiria huyo anayetangulia kuchungulia, na wakigongana ubavu kwa ubavu ndiye wa kwanza kuumia. Kiti hicho ndicho tunachompa mama aliyempakata mtoto, tena kwa heshima, kwa kuwa ndicho chenye nafasi. Hata mlango wake unafungukia upande wa magari yanayopita. Mtoto mwenye hamu ya kufika akiruka nje kabla hajashikwa mkono, anatua barabarani.

Kiti cha nyuma ni salama zaidi kwa mtoto, lakini huko nako mikanda mara nyingi imezikwa. Ukinunua gari lililotumika, fundi hukushonea kava nzuri za viti, vifungio vinabaki chini yake, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka kwamba vipo. Uhaba wa mafuta wa miaka hii nao umetufundisha kujibana: gari moja linapopata petroli, jirani na watoto wake nao wanaingia. Simlaumu anayempa jirani lifti. Ila watoto sita hawawezi kufungwa mikanda mitatu, na mkanda mmoja haufungi watu wawili. Ukiwazungushia mama na mtoto pamoja, mama ndiye anayemponda mtoto.

Mkanda wenyewe ulibuniwa kwa mwili wa mtu mzima. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo nchini Uswidi, ndiye aliyeleta mkanda wa ncha tatu mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine waige bila malipo. Unafanya kazi kwa sababu unashika mifupa migumu: nyonga na bega. Kwa mtoto mfupi, sehemu ya chini hupanda tumboni na ya juu hukata shingoni. Ndiyo sababu ya viti vya watoto, na ndugu zetu walioko ughaibuni wanavijua vizuri. Huko Quebec, ambako Warundi si wachache, mtoto hukalia kiti chake mpaka afikishe sentimita 145 au miaka 9. Falme za Kiarabu hupiga faini ya dirhamu 400 kwa mtoto wa chini ya miaka 4 asiye na kiti. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa takwimu hiyo, kiti cha mtoto ni kifaa cha afya, na ningependa kuona serikali inakiondolea ushuru.

Faini peke yake haitoshi. Kenya ilianza na viti vyenyewe: kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zililazimisha matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zikatenganisha makosa mawili. Gari lisilo na mkanda hutozwa shilingi 1,000 kwa kila kiti, na abiria asiyeufunga hutozwa 500. Utengano huo ni wa haki. Mwenye basi dogo aliyeng'oa mikanda ili abane abiria wanne penye viti vitatu ana kosa kubwa kuliko mama aliyepanda na hakukuta cha kufunga. Kwetu, ukaguzi wa magari ungeweza kuanza na jambo hilohilo: mkaguzi aingize mkono kwenye kiti cha nyuma, avute kila mkanda, aone kama unafunga.

Mwenye gari hana haja ya kumsubiri mkaguzi. Atoe kava, atoboe mahali pa vifungio, avute mikanda yote na kuisafisha. Ulioshikwa na mchanga au kuchanika abadilishiwe na fundi. Watoto wote wahamie nyuma. Asiye na kiti cha mtoto aupitishe mkanda chini, juu ya mapaja wala si tumboni, na asiuweke wa juu nyuma ya mgongo wala chini ya kwapa. Mama mwenye kichanga akae nyuma pia, mkanda umfunge yeye peke yake, mtoto awe nje ya mkanda, na asimwache mgongoni ndani ya kitenge, kwa maana atabanwa kwenye kiti. Wakifika, wote washukie mlango wa nyuma wa kulia.